Viza ya mwanafunzi Uingereza: namna ya kuilinda mpaka umalize chuo

Viza ikishatoka, nyumbani kila mtu hupumua. Kinachosahaulika ni kwamba ruhusa hiyo ina masharti, na masharti yanahesabiwa kuanzia siku unapoingia Uingereza hadi siku unapoondoka au kubadilisha viza. Vijana wa Tanga na Bagamoyo wanaopoteza haki ya kukaa huko huwa si wahalifu. Wengi ni watu waliofanya shifti moja zaidi, waliosafiri kwenye msiba bila kuaga chuo, au ambao karo yao ilichelewa wakanyamaza.

Elewa kwanza nani anamwambia nani. Chuo chako ndicho mdhamini wa viza yako. Usipojisajili, ukiacha masomo au ukipotea darasani, chuo kina wajibu wa kuripoti Home Office, yaani wizara yao ya mambo ya ndani, na muda wa kuripoti ni siku 10 za kazi. Chuo kikiondoa udhamini, Home Office hufupisha viza, kwa kawaida zikabaki siku 60. Kwa hiyo ushauri mwingi ulio hapa unarudi palepale: jambo lolote linalogusa masomo, anwani, kazi au safari, liambie chuo kabla halijatokea, na liandike kwenye barua pepe. Ofisa akikujibu kwa mdomo, mwandikie siku hiyohiyo kuthibitisha mlichokubaliana.

Kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam

Viza ya mwanafunzi siku hizi ni ya kielektroniki. Unaiona ndani ya akaunti ya UKVI, idara ya viza ya Home Office, na akaunti hiyo hufunguliwa kwa namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na namba ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe. Hapo pana mtego mkubwa kwa watu wa huku, kwa kuwa fomu nyingi hujazwa na wakala au kijana wa stesheneri. Yeye huweka barua pepe yake na simu yake ili kazi iende haraka. Miezi sita baadaye uko Leeds, mwajiri anataka uthibitisho wa viza, na namba ya siri inaingia kwenye simu ya mtu wa Bagamoyo ambaye hapokei.

Kaa naye kabla hujaondoka, mzibadilishe taarifa hizo pamoja. Weka barua pepe yako binafsi. Ile ya chuo usiitumie, kwa sababu hufungwa baada ya kumaliza, wakati ambao huenda ukawa unaihitaji zaidi. Ukifika na kupata laini ya Uingereza, badilisha na namba ya simu; laini ya nyumbani isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu.

Halafu soma viza yenyewe mstari kwa mstari. Jina lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Angalia tarehe ya mwisho: kozi ya miezi 12 au zaidi hupewa miezi 4 ya ziada baada ya kozi kuisha, na kozi ya kuanzia miezi 6 hadi chini ya 12 hupewa miezi 2. Angalia na masharti ya kazi. Kosa lolote liripotiwe mtandaoni mapema, kwa sababu ukilitumia kosa lililokupendelea, lawama ni yako.

Pasipoti ya Tanzania hudumu miaka 10. Kama yako itaisha katikati ya masomo, ni nafuu kuishughulikia ukiwa hapa, kabla ya kuomba viza. Ukilazimika kuibadilisha ukiwa huko, unapitia Ubalozi wa Tanzania uliopo Stratford Place, London. Ukipata mpya, iunganishe na akaunti ya UKVI kabla ya safari yoyote na uitunze ile ya zamani. Shirika la ndege huangalia kama pasipoti uliyoshika inalingana na viza iliyo kwenye mfumo, na isipolingana unaweza kuzuiwa uwanjani.

Siku za mwanzo

Kwa kozi ndefu kuliko miezi 6 unaweza kuingia Uingereza hadi mwezi mmoja kabla ya kozi kuanza, ilimradi viza imeshaanza kufanya kazi. Kuingia mapema kuliko tarehe ya viza hakuruhusiwi hata kwa siku moja. Kuchelewa nako ni tatizo: hati ya udhamini, CAS, ina tarehe ya mwisho ya kujiunga. Ukiona pesa au tiketi itakuchelewesha, andika chuoni uombe ruhusa ukiwa bado Tanga. Vyuo vingine hukubali wiki moja au mbili, vingine hukuhamishia mwaka unaofuata, na hapo utahitaji CAS mpya na viza mpya.

Kwenye begi la mkononi weka pasipoti, nakala ya CAS, barua ya chuo, anwani ya mahali utakapolala, nakala za taarifa za benki ulizotumia kuombea viza na cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Ofisa wa uhamiaji anaweza kuuliza chochote kati ya hivyo, na begi kubwa wakati huo bado liko kwenye mkanda.

Ukifika, jisajili chuoni ana kwa ana ukiwa na pasipoti. Kuingia kwenye mfumo wa masomo kwa simu hakutoshi. Kisha mpe mratibu wa wanafunzi wa kigeni anwani yako kamili na namba ya simu, na kila ukihama rudia: chuoni na kwenye akaunti ya UKVI. Jisajili pia na daktari wa NHS, huduma yao ya afya ya umma, wa eneo lako. Ulishalipia huduma hiyo ulipoomba viza, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, kwa hiyo kwenda kwa daktari si msaada wa serikali na hakuharibu chochote. Tunalisisitiza kwa sababu wapo wanaougua kimya wakiogopa kuhesabiwa mzigo, kisha wanakosa karatasi ya daktari siku chuo kinapouliza walikuwa wapi.

Misaada ambayo ni marufuku kweli ni ile ya fedha na nyumba za umma, kama Universal Credit, Child Benefit na Housing Benefit. Usijaze fomu hizo hata rafiki akikuhakikishia kwamba yeye alipata. Punguzo la kodi ya manispaa kwa mwanafunzi wa muda wote halimo kwenye marufuku hayo.

Saa 20, na zinavyohesabiwa

Anayesoma shahada huruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Anayesoma ngazi iliyo chini ya shahada ni saa 10. Viza yako itasema ipi ni yako, na baadhi hazina ruhusa ya kazi kabisa.

Wiki inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Hakuna wastani: ukifanya saa 8 wiki hii, hupati saa 32 wiki ijayo. Kazi zote zinajumlishwa, kwa hiyo saa 12 za mgahawani na saa 10 za ghalani ni 22, na umeshavunja sharti ingawa kila mwajiri anaona uko salama. Kazi isiyolipwa lakini yenye zamu na majukumu kama ya mfanyakazi nayo inahesabiwa. Vivyo hivyo kumfanyia mwajiri wa Dar es Salaam kazi kwa kompyuta ukiwa umekaa Coventry.

Nyumba za kulelea wazee ndizo zinazonasa wengi, kwa kuwa shifti zake aghalabu ni za saa 12. Shifti mbili ni saa 24. Mwanafunzi wa shahada anaweza kufanya moja tu kwa wiki, pamoja na kipande kisichozidi saa 8. Meneja akipiga simu Jumamosi usiku kwamba mtu ameugua, jibu liwe tayari kichwani. Shifti ya usiku wa Jumapili inavuka saa 6 usiku na kuingia wiki mpya, kwa hiyo andika saa za kabla na za baada ya hapo kando kando. Tumia daftari dogo: tarehe, mahali, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jumla ya wiki. Tunza slipu zote za mshahara. Mwajiri hupeleka taarifa za malipo kwa mamlaka ya kodi, na Home Office inaweza kuziona. Mishahara mikubwa kuliko saa 20 ndiyo huibua maswali unapoomba viza nyingine.

Likizo je? Likizo maana yake ni ile iliyo kwenye kalenda rasmi ya chuo kwa kozi yako. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wana likizo ndefu ya kiangazi, na hapo wanaweza kufanya kazi muda wote. Anayesoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa kawaida hana. Juni, Julai na Agosti anaandika tasnifu, na kwa Home Office huo bado ni muhula hata kama madarasa ni matupu. Huyu huendelea na saa 20 mpaka tarehe ya mwisho ya kozi. Wa shahada ya uzamivu naye ni hivyohivyo, isipokuwa siku za likizo alizokubaliwa na msimamizi wake kwa maandishi. Katika masharti yote ya kazi, hili ndilo linaloeleweka vibaya zaidi, kwa sababu watu huiga ratiba ya mwenzao aliye kwenye kozi tofauti.

Mafunzo kwa vitendo yaliyo sehemu ya kozi na yanayopewa alama hayaingii kwenye saa 20, lakini chuo lazima kiyaidhinishe kwanza na kijue mahali ulipo.

Mwajiri atakutaka uthibitisho. Ingia kwenye akaunti ya viza, toa namba inayoitwa share code. Ya kazi huanza na herufi W, ya kupangisha nyumba huanza na R, na hudumu siku 90. Mpe hiyo na tarehe yako ya kuzaliwa. Namba ya siri inayoingia kwenye simu au barua pepe yako haimhusu. Kodi yako itahitaji namba ya National Insurance, yaani bima yao ya jamii, ambayo huombwa bure. Anayekutoza pesa kuipata anakuibia.

Kazi zisizoruhusiwa hata kwa saa moja

Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, kuendesha biashara, kuwa msanii au mwanamichezo wa kulipwa, wala kushika ajira ya kudumu ya muda wote.

Kwa watu wetu hili linagusa mambo yanayoonekana madogo. Kusuka nywele chumbani kwa malipo ni kujiajiri. Kuchora piko na hina kwenye harusi za Waswahili wa London au Leicester kwa pesa ni kujiajiri. Kuleta khanga kutoka Tanga ukaziuza kwenye WhatsApp, kupika pilau na vitumbua vya kuuza mwisho wa wiki, kulipwa kwa matangazo ya video zako: yote yamo humo. Kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu ndiyo mtego wa kisasa. Kwa aliyekulia penye bodaboda kila kona, kazi hiyo inaonekana haina neno, lakini mwendeshaji huhesabiwa kuwa amejiajiri. Kukodi akaunti ya mtu mwingine ili upeleke chakula kwa jina lake kunaongeza udanganyifu juu ya kosa la kwanza.

Waliopitia TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na wapigaji wa taarabu wa Tanga wawe makini mara mbili. Kupiga ngoma, kuimba au kucheza kwa ujira kwenye harusi au tamasha ni kazi ya msanii, hata ukilipwa nauli na bahasha tu. Ukialikwa, mpelekee mshauri wa chuo mwaliko kabla hujakubali, uulize na kuhusu onyesho la bure. Wanaosoma muziki au maigizo wanaweza kuwa na maonyesho ndani ya kozi, na hayo chuo ndicho kinayaratibu.

Mwajiri anayekwambia atakulipa taslimu ili saa zisionekane hakusaidii. Yeye mwenyewe anaweza kutozwa hadi pauni 45,000 kwa mfanyakazi mmoja asiye na ruhusa, na hadi 60,000 akirudia. Siku atakapokaguliwa atakutaja.

Mahudhurio, ugonjwa na msiba

Kila chuo kina namna yake ya kuhesabu mahudhurio: kadi mlangoni, programu ya simu, kuwasilisha kazi, kukutana na msimamizi. Uliza wiki ya kwanza ipi inahesabika. Ukisahau kugusa kadi, mwandikie mhadhiri siku hiyohiyo. Mwanafunzi wa shahada asipoonekana kabisa kwenye masomo kwa siku 60, chuo kinapaswa kumwondolea udhamini, na vyuo vingi huanza kutuma maonyo mapema zaidi ya hapo. Onyo la kwanza lijibiwe hata kama halina ukali.

Ukiugua zaidi ya siku chache, pata barua ya daktari na uiwasilishe ukiwa bado mgonjwa. Barua iliyopatikana miezi mitatu baadaye haina nguvu ile. Sikukuu ya Idd si likizo huko, na inategemea mwandamo, kwa hiyo omba ruhusa ya siku mbili zote zinazowezekana.

Msiba ndio mgumu zaidi. Baba anafariki Pangani, ndege ipo usiku huo, nani anakumbuka kuandika barua pepe? Andika hata ukiwa uwanja wa ndege: jina, namba ya mwanafunzi, nani amefariki, unaondoka lini, unatarajia kurudi lini. Mistari minne inatosha. Chuo kinaweza kukuruhusu kutokuwepo na kikaendelea kukudhamini kama utaweza kumaliza kozi kwa wakati, lakini ukisitisha masomo kwa zaidi ya siku 60, kwa kawaida udhamini huondolewa na utarudi kwa viza mpya. Kwa hiyo kukaa mpaka arobaini kunawezekana kwa siku, ila mitihani inaweza kuwa imepita. Zungumzeni kwenye familia mapema: huenda ukazika, ukarudi, hitima ikasomwa bila wewe kuwepo. Usidhani unaweza kubaki Tanga miezi miwili ukisikiliza mihadhara kwa mtandao. Viza ni ya kusoma ukiwa huko.

Wazazi, hii inawahusu: karo

Chuo kinaweza kumwondoa mwanafunzi asiyelipa karo, na akiondolewa udhamini unakwisha. Familia inayotegemea machungwa ya Muheza au mauzo ya samaki Bagamoyo ina misimu yake, na chuo kina tarehe zake. Ziandikeni hizo tarehe ukutani tangu mwanzo, na pangeni kwa pauni, kwa sababu shilingi hupanda na kushuka.

Benki itadai ankara ya chuo kabla ya kutuma. Namba ya mwanafunzi iandikwe kwenye maelezo ya malipo, la sivyo pesa inakaa kwenye akaunti ya chuo bila jina. Tumeni wiki mbili kabla ya tarehe, mchukue karatasi ya uthibitisho wa benki na kumtumia mtoto picha yake. Pesa ikikosekana, mtoto aende ofisi ya fedha ya chuo kabla ya tarehe kupita aombe mpango wa kulipa kidogo kidogo. Msitumie mtu anayedai ana punguzo la karo kwa kulipa kwa kadi yake. Mara nyingi kadi huwa ya wizi, malipo hurudishwa, na deni hubaki kwa mwanafunzi.

Kubadilisha kozi, kuongeza muda na kumaliza

Kuhamia chuo kingine kunahitaji CAS mpya na ombi jipya la viza. Kubadilisha kozi ndani ya chuo kilekile wakati mwingine hakuhitaji, wakati mwingine kunahitaji; usitie saini mpaka ofisi ya wanafunzi wa kigeni ijibu. Tangu Julai 2023, kwa kawaida huwezi kuacha kozi katikati ukahamia viza ya kazi.

Ombi la kuongeza muda lipelekwe kabla viza haijaisha, na si zaidi ya miezi 3 kabla ya kozi mpya kuanza. Ukiwahi, haki zako za zamani zinaendelea wakati unasubiri jibu. Lakini usisafiri nje wakati huo: ukitoka, ombi huhesabiwa kuwa umeliondoa. Na kumbuka viza ya Uingereza haikupeleki Paris wala Dublin. Mtanzania anahitaji viza nyingine kwa kila mojawapo.

Anayetaka kubaki kwa viza ya wahitimu, Graduate, aombe akiwa ndani ya Uingereza, viza ya mwanafunzi ikiwa hai, na baada ya chuo kuiarifu Home Office kwamba amefaulu kumaliza. Ukiomba kabla ya taarifa hiyo, utakataliwa na ada kupotea. Mahafali huna haja ya kuyasubiri. Uliza ofisi ya chuo tarehe watakayoripoti, na subiri barua pepe yao. Viza hiyo ni ya miaka 2 kwa ombi litakalowasilishwa hadi tarehe 31 Desemba 2026. Kuanzia tarehe 1 Januari 2027 ni miezi 18, ila wenye uzamivu hubaki na miaka 3. Ada ya afya ya viza hiyo ni pauni 1,035 kwa mwaka na hulipwa kwa mkupuo, kwa hiyo akiba hiyo ianze mwaka wa mwisho.

Ukiona umekosea

Ukizidisha saa, acha leo. Barua ya kufupisha viza ikija kwenye barua pepe, hesabu siku zilizotajwa humo, sio unazozikumbuka. Anayebaki zaidi ya siku 30 baada ya viza kuisha anaweza kufungiwa kuingia tena kwa angalau mwaka mmoja, hata akiondoka mwenyewe kwa nauli yake. Anayedanganya kwenye ombi hufungiwa miaka mingi zaidi.

Msaada wa kwanza ni mshauri wa uhamiaji wa chuo, na ni bure. Nje ya chuo, muulize anayetaka kukushauri kama ni wakili au amesajiliwa na Immigration Advice Authority, chombo kilichoitwa OISC hadi Januari 2025. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili ni kosa la jinai Uingereza, na ndugu wa kundi la WhatsApp, hata awe na nia njema, hawezi kukusimamia mbele ya Home Office. Ukienda kumwona mshauri beba pasipoti, picha ya ukurasa wa viza ya kielektroniki, CAS, barua pepe zote za chuo, slipu za mshahara na lile daftari la saa, vikiwa vimepangwa kwa tarehe.